Koti Lililobaki Nje ya Chumba cha Tatu

Alhamisi, saa moja na dakika kumi asubuhi, fundi wa majokofu ambaye ghala zima lilimwita Barafu alivuta mlango wa chumba cha tatu, na mtu aliyekuwa ameuegemea kwa ndani akamwangukia miguuni. Alikuwa mtunza ghala. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi. Nyusi zake zilikuwa nyeupe, na haukuwa weupe wa umri.

Koti lake zito la baridi lilikuwa nje, kando ya mlango, limening'inia kwenye kulabu, limefungwa vifungo vyote, kama alivyoliacha kila alipomaliza kazi.

Habari hizo zilimkuta mwanamke mmoja juu ya ngazi, kwenye tawi jingine la ghala hilo la dawa, mwendo wa saa tano kwa basi. Alikuwa fundi wa mitandao na wengi walimwita Fundi tu. Marehemu alikuwa mdogo wa baba yake, na ndiye aliyemlea tangu akiwa darasa la pili. Alimwita Baba Mdogo, ingawa baba mwingine hakumkumbuka. Alishuka ngazi polepole, akaweka bisibisi sakafuni, akakaa kando yake.

Jioni ya siku hiyo ilimfikia habari ya pili. Ripoti ya makao makuu ilisema kilichomuua Baba Mdogo ni kazi ya mikono yake yeye.

Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa ofisini kwa msimamizi wa ghala, mbele ya mpelelezi wa polisi, mzee mwembamba mwenye mafua aliyejifuta pua kila baada ya maneno matatu. Msimamizi alikaa pembeni. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikunjo ya viwiko na kalamu mbili mfukoni. Alimpa Fundi pole kwa sauti ya chini, akamvutia kiti.

"Nieleze kama unamweleza mjinga," mpelelezi alisema. "Kifo hiki kinahusianaje na mtandao?"

Fundi akamweleza. Kitasa cha ndani cha chumba cha tatu kilikuwa kimevunjika kwa wiki mbili, kwa hiyo mtu akifungiwa humo, njia yake pekee ilikuwa kitufe chekundu ukutani. Kitufe hicho hakina waya. Kinatuma ishara hewani hadi kwenye kisanduku cheupe cha waifai kilichofungwa darini, kwenye korido, juu ya mlango, ambacho antena yake moja imepenyezwa ndani ya chumba. Kisanduku kinaipokea ishara na kuipeleka kwa waya hadi king'ora cha getini. Vipimajoto vya chumbani navyo hutuma namba zao kwa njia hiyo hiyo.

"Na hii draiva inayotajwa hapa?"

"Ni programu ndogo ndani ya kisanduku, afande. Ndiyo inayoiendesha redio yake. Bila draiva nzuri, kisanduku kinawaka taa ya kijani lakini hakisikii kitu. Draiva iliyokuja na visanduku hivi ilikuwa mbovu. Ukikiwasha, haipiti robo saa redio inanyamaza. Nilihangaika nayo wiki tatu. Jumanne nikaweka mpya, kutokea mbali, kwa kompyuta."

"Na Jumatano saa tano na nusu asubuhi chumba cha tatu kikanyamaza," mpelelezi akasoma. "Ripoti inasema draiva yako mpya ilishindwa, na kisanduku kikajirudishia ile ya zamani chenyewe. Inawezekana?"

Fundi alitaka kusema hapana. Lakini alikuwa amekesha akijiuliza swali hilo hilo, na jibu lilikuwa moja tu.

"Inawezekana," alisema.

Mpelelezi hakufurahi wala hakukasirika. Alifungua daftari la joto la chumba cha tatu, lile ambalo Baba Mdogo alilitundika kando ya koti lake, akamwonyesha ukurasa wa Jumatano. Namba zilipangwa vizuri kwa wino wa buluu: chini ya sifuri digrii ishirini, saa baada ya saa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo, alisema, mzee aliandika mara ya mwisho saa kumi na mbili, wenzake wakaondoka, akarudi ndani kwa sababu anayoijua mwenyewe, mlango ukajifunga. Akabonyeza. Hakuna aliyesikia.

"Na koti?" Fundi aliuliza.

Msimamizi ndiye aliyejibu, kwa upole. "Umri, dada yangu. Siku za karibuni alikuwa anasahausahau. Hatukutaka kumvunja moyo."

Kamati ingekaa saa nane mchana kutia saini ripoti. Saa hiyo hiyo lori lingepakia katoni za chanjo za chumba cha tatu na kuzipeleka hospitalini. Mpelelezi alimwambia Fundi kwamba hadi saa nane anaruhusiwa kukichunguza kisanduku, mradi asiondoke na kitu. Akapiga chafya, akaomba chai.

Mama Mdogo, mjane, alikuwa ameketi kwenye benchi la korido akisubiri kukabidhiwa vitu vya mumewe. Bahasha ilikuwa mapajani, tayari ameifungua. Ndani mlikuwa na miwani, funguo za nyumbani, na kipande cha penseli kisichozidi kidole gumba, kimechongwa pande zote mbili. Alikuwa amekishika hicho kipande kama mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa.

Fundi alikaa kando yake. Akasema tu kwamba huenda ni yeye, huenda kosa ni lake.

Mama Mdogo aliigeuza penseli kati ya vidole. Kisha akauliza, "Wamekwambia alisahau koti?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, yule mtu miaka thelathini na moja hajawahi kusahau koti. Alisahau siku yetu ya ndoa, alisahau kunichukua kituoni nikakaa na mizigo mpaka jua likazama. Koti, hapana. Alikuwa anasema akiwa bila koti mle ndani hata pumzi yake haimtambui." Akarudisha penseli kwenye bahasha. "Kama aliliacha koti lake, chumba hakikuwa na baridi. Mimi si fundi, lakini mume wangu ninamjua."

Maneno hayo yalimwingia Fundi kama maji ya baridi mgongoni. Chumba hakikuwa na baridi. Lakini daftari lilisema digrii ishirini chini ya sifuri kutwa nzima.

Saa nne na robo alimkuta Barafu karakanani, akifuta spana ambayo ilikuwa safi tayari. Barafu alikuwa mtu mkubwa wa maneno machache, na penseli ilikaa nyuma ya sikio lake kama kwa wote wanaofanya kazi kwenye baridi. Fundi alijua kwamba Barafu na Baba Mdogo walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya kile kitasa. Tena yeye ndiye aliyeufungua mlango. Kwa mtu anayetafuta wa kumshuku, Barafu alitosha.

Alimuuliza moja kwa moja kama chumba cha tatu kilipoteza baridi Jumatano.

Barafu aliendelea kufuta spana. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Nani kakwambia?"

"Koti."

Alikaa chini juu ya ndoo. Kisha akasema yote, bila kumtazama. Kompresa ya chumba cha tatu, mashine inayokipoza, ilizimika Jumatano saa nne na nusu. Kifaa kilichoungua alikuwa amekiomba kwa msimamizi miezi mitatu kabla, na kitasa wiki mbili kabla, akaambiwa asubiri. Alitoka getini saa tano kasoro dakika tano kwenda kukitafuta mjini, akarudi saa nane, na kompresa ikawaka tena saa tisa. Saa hizo chumba kilikuwa kimepanda hadi digrii sita juu ya sifuri. Chanjo zile, zikishayeyuka, hazifai tena hata ukizigandisha upya. Msimamizi alimwambia kwamba katoni zilikuwa zimeshahamishiwa chumba cha pili, na kwamba akifungua mdomo, fundi aliyechelewesha matengenezo atakuwa yeye.

"Zilihamishwa?" Fundi aliuliza.

"Mimi sikuziona zikihamishwa. Sikutaka kuona. Nina watoto." Akainua macho. "Mzee aliniambia, wewe Barafu mwili mkubwa, roho ya kifaranga. Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nilimwona saa kumi, anacheka."

Fundi alimwamini, ila kuamini si ushahidi. Alipita getini. Daftari la mlinzi lilionyesha Barafu ametoka saa tano kasoro dakika tano, ameingia saa nane na dakika tatu.

Saa tano na nusu alisimamisha ngazi chini ya kisanduku. Taa ilikuwa ya kijani, imetulia, kama kitu kisicho na hatia. Chini yake palikuwa na utepe mweupe, na juu ya utepe mwandiko wa penseli: Jumanne, draiva mpya, imeanza saa nane. Fundi ilibidi ashike ngazi kwa mikono miwili. Ule ulikuwa utaratibu wake, kila kisanduku kiwe na utepe wenye tarehe ya kazi ya mwisho. Akiwa mbali alimpigia Baba Mdogo simu, na mzee akapanda ngazi kumwandikia. Jumanne alikuwa amemwambia akicheka kwamba yule mdudu wake wa darini ameshiba na amelala.

Alichomeka laptopu, akafungua kumbukumbu za kisanduku, orodha ndefu ya kila kilichotokea, kila mstari na tarehe yake. Makao makuu walisoma mistari ya Jumatano wakaishia hapo, na kweli ilionyesha walichosema. Mpaka saa tano na dakika kumi na nne, draiva mpya inafanya kazi. Saa tano na dakika ishirini na tatu, draiva ya zamani ndiyo iliyopo. Katikati yake, dakika tisa, hapakuwa na kitu.

Dakika tisa. Kisanduku kikijirudishia draiva chenyewe hakichukui hata moja.

Akashusha orodha hadi chini kabisa, mahali ambapo hakuna mtu hufika, kwenye mistari ya zamani kuliko yote. Pale palikuwa na mistari sita yenye tarehe ya mwaka ambao kisanduku kile hakikuwa kimebuniwa: tarehe mosi Januari, mwaka elfu moja mia tisa na sabini.

Mtu mwingine angeiita takataka. Fundi aliisoma tena, mstari kwa mstari. Kisanduku cha aina ile hakina betri ya saa. Kila kikiwashwa huanza kuhesabu kutoka mwaka huo wa sabini, mpaka kitakapouliza saa halisi kupitia waya wa mtandao. Mistari yenye tarehe hiyo iliandikwa kisanduku kikiwa kimewashwa, lakini waya wake umechomolewa. Na mstari wa nne ulisema: draiva ya zamani imepakiwa kupitia tundu la pembeni. Tundu hilo halifikiwi kutoka mbali. Mtu lazima asimame juu ya ngazi, hapa, na kompyuta mkononi.

Kwa hiyo draiva haikushindwa. Ilitolewa kwa mkono, Jumatano, kati ya saa tano na robo na saa tano na dakika ishirini na tatu, Barafu akiwa mjini.

Furaha haikuja. Kilichokuja ni hofu, kwa sababu Fundi alijua ni nani aliyemfundisha mtu huyo. Ndani ya kabati dogo la nyaya kulikuwa na karatasi aliyoiandika mwenyewe, wiki iliyopita, kwa ajili ya siku ambayo draiva mpya itakwama naye akiwa mbali. Hatua saba, kwa lugha nyepesi ambayo hata mtu asiyejua kompyuta angeifuata. Hatua ya tatu: chomoa waya wa mtandao. Hatua ya tano: pakia draiva ya zamani. Karatasi ilikuwa bado imebandikwa. Kona moja ilikuwa na alama ya kidole chenye vumbi.

Nyuma yake mtu akakohoa. Msimamizi alikuwa amesimama chini ya ngazi na vikombe viwili vya chai.

"Umepata kitu, dada yangu?"

"Bado," Fundi alisema. "Nairudisha draiva yangu. Nitaijaribu."

Msimamizi aliutazama utepe, akaitazama laptopu, akaweka kikombe kimoja kwenye kidato cha ngazi. Alisema asichelewe, lori limeshafika.

Kupakia draiva kulichukua dakika nane. Kabla ya kukizima na kukiwasha kisanduku, alimwomba Barafu aje. Jaribio la kweli lilikuwa moja tu, mtu aingie ndani abonyeze kitufe. Barafu alimvika koti lake mwenyewe lililomfika magotini, akaweka kreti la chuma kwenye kizingiti ili mlango usijifunge, akasema atakaa hapo hapo hata nyumba ikiungua.

Fundi akakizima kisanduku, akakiwasha, akaingia. Baridi ilimkamata puani kwanza. Katoni zilipangwa hadi dari, zile zile, hakuna iliyohamishwa, na kila moja ilikuwa na namba za penseli ubavuni, kwa sababu ndivyo Baba Mdogo alivyofanya maisha yake yote. Alihesabu, aliandika, akahesabu tena. Kulikuwa na namba nyingi kiasi kwamba hakuna jicho lililoziona tena.

Kwa mbali alisikia sauti ya msimamizi, ikisema jokofu la lori limegoma na dereva anamtaka Barafu sasa hivi. Alisikia Barafu akibisha. Alisikia hatua nzito zikiondoka, na Barafu akisema kwa sauti kwamba anakuja mara moja, kreti lipo.

Kisha kreti lilikwaruza sakafu, na mlango ukafunga.

Haukupiga kelele. Ulifunga kwa pumzi laini, kama mtu anayelala. Sekunde chache baadaye kidirisha cha kioo cha mlangoni kikawa cheusi. Mtu alikuwa amezima taa ya korido.

Simu haikuwa na mtandao kati ya kuta zile za chuma. Aliwasha tochi yake, duara la mwanga likacheza juu ya katoni. Kisanduku kilihitaji dakika mbili kuamka. Draiva yake ikiwa nzuri, kitufe kitasikika. Ikiwa mbaya, basi ripoti ilikuwa sahihi, naye alikuwa amesimama mahali pa Baba Mdogo, kwa sababu ile ile.

Alianza kuhesabu kimoyomoyo. Alipofika arobaini, tochi ilitua kwenye katoni iliyo karibu na kipimajoto cha ukutani, ambacho namba zake za joto na saa huwaka gizani, chini, usawa wa mtu aliyekaa sakafuni. Penseli. Mwandiko anaoujua kuliko wake mwenyewe.

"Jumatano. Saa 10 na dakika 20, juu 2. Mlango umejifunga. Nimebonyeza.

Saa 10 na dakika 40, sifuri. Nimebonyeza tena.

Saa 11 kasoro dakika 10, chini 3. Nimegonga. Kuna mtu nje, nimemsikia anatoa daftari kwenye kulabu. Nimemwambia ni mimi. Amesimama. Ameondoka. Taa ya korido imezimwa.

Saa 12, chini 8.

Saa 1, chini 12.

Saa 2, chini 16."

Herufi zilikuwa zinakua kubwa kadiri zilivyoshuka, kama za mtoto anayejifunza. Mstari wa mwisho ulisema saa 3, kisha kistari kidogo, na baada ya kistari hapakuwa na namba.

Fundi alijikuta amepiga magoti. Alipoteza hesabu. Aliinuka akijishikilia ukutani, akatafuta kitufe kwa kiganja, akakibonyeza kwa nguvu zote.

Kimya.

Alisikia damu yake mwenyewe. Alisikia feni ya baridi ikizunguka juu. Akafikiri: mimi ndiye. Nilimuua.

Kisha mbali, getini, king'ora kikalia.

Kililia kwa sauti mbaya, ya kukwaruza, na Fundi alisimama akilia nacho, mdomo wazi, bila aibu. Kilikuwa kinasikia. Draiva yake ilikuwa inasikia.

Mlango ulifunguliwa na mpelelezi, leso bado mkononi, mlinzi nyuma yake. Taa iliwashwa. Kreti lilikuwa limesimamishwa vizuri kando ya ukuta. Barafu alikuja akikimbia, na msimamizi akatoka ofisini kwake taratibu, akiuliza kuna nini.

Fundi aliwaonyesha katoni. Mpelelezi alichuchumaa, akasoma, akasoma tena, na safari hii hakujifuta pua.

"Hakutaja jina," alisema.

"Hakuliona. Lakini afande, lete daftari la joto. Na tuingie wote."

Waliingia wote. Barafu alikalia kreti kwenye kizingiti kama mtu aliyepandwa pale. Fundi alimwomba mpelelezi achukue kalamu moja kutoka mfuko wa msimamizi na kuiweka kwenye rafu ya chuma. Walisubiri dakika kumi. Pumzi zao zilikuwa mawingu madogo. Msimamizi alijikumbatia mikono, na shati lake la pasi likaanza kutetemeka.

Kisha mpelelezi akampa ile kalamu na kipande cha karatasi. "Andika digrii ishirini chini ya sifuri."

Msimamizi aliandika. Ncha ilikwaruza karatasi. Haikuacha kitu, mfereji mweupe tu. Akajaribu tena. Akaipulizia, akajaribu tena.

"Wino huganda humu," Fundi alisema. "Nilipokuwa shule Baba Mdogo alinileta siku moja, nikajaribu kumwandikia barua kwa kalamu. Alicheka mpaka akakaa chini. Anayefanya kazi humu anaandika kwa penseli. Fungua daftari, afande. Kurasa zote ni penseli isipokuwa wa Jumatano. Huo uliandikwa mahali penye joto. Na una namba za saa kumi na moja na saa kumi na mbili, saa ambazo Baba Mdogo alikuwa humu ndani, na daftari lilikuwa limeshachukuliwa."

Mpelelezi alifunua kurasa moja moja, polepole. Karibu na mshono palikuwa na kipande cha karatasi iliyochanwa. Kisha akamuuliza msimamizi Jumatano saa tano na robo alikuwa wapi, na nani mwingine ana ufunguo wa kabati la nyaya.

Msimamizi aliitazama kalamu mkononi mwake. Alipozungumza, aliongea kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Alisema ilikuwa mara ya pili mwaka huu shehena kuharibika, na mara ya kwanza aliambiwa ikitokea tena atafukuzwa. Alitaka tu vipimajoto vinyamaze kabla joto halijavuka kiwango. Karatasi ilikuwa pale, hatua saba. Hakufikiria kitufe. Jioni alikwenda kuchukua daftari kwa sababu mzee alikataa kulibadilisha.

"Na ulimsikia," mpelelezi alisema.

"Alisema, ni mimi, fungua." Msimamizi alifumba macho. "Nilisema moyoni, atapita mlinzi. Nilikwenda ofisini nikaandika ukurasa. Nilipomaliza nikasema, sasa nikifungua, atasema kila kitu. Nikajiambia bado kuna muda. Nikazima redio ya ofisini nisikie kama anagonga. Alikuwa ameacha."

"Na leo?" Barafu aliuliza kutoka kizingitini. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kreti?"

Msimamizi aliirudisha kalamu mfukoni. Mpelelezi alimshika mkono juu ya kiwiko, pale kwenye mkunjo wa pasi, akamtoa kwenye baridi.

Lori liliondoka tupu saa tisa. Ripoti haikutiwa saini. Mpelelezi aliichukua ile katoni kama kielelezo, ameikumbatia kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto mchanga.

Fundi alikaa na Mama Mdogo kwenye benchi, akamsomea kila mstari kama alivyoukariri, kwa sababu mjane aliomba asifichwe kitu. Alipofika kwenye kile kistari kisicho na namba, Mama Mdogo alitikisa kichwa polepole, akasema mume wake alikuwa mtu wa kazi. Kisha akafungua bahasha, akampa kile kipande cha penseli.

Kabla ya kuondoka Fundi aliibandua ile karatasi ya hatua saba, akaikunja akaitia mfukoni. Akapanda ngazi. Barafu aliishika kwa chini, ingawa ilikuwa imesimama imara. Kwenye utepe, chini ya mwandiko wa Baba Mdogo, nafasi ilikuwa bado ipo. Aliandika kwa penseli yake, kwa herufi ndogo ili zitoshe: Ijumaa, draiva mpya, imejaribiwa kutoka ndani.